Kasuku Nisiyemwandika

Bweni la wasichana, kiwandani
9 Januari

Mama, shikamoo.

Shangazi, shikamoo nawe, maana najua barua hii kabla haijafika masikioni mwa Mama itapita kwanza kwenye miwani yako. Kaa vizuri, safisha koo, waite majirani wasogee kibarazani. Usimwache Mama asikilize akiwa amesimama, na goti lake lile.

Nimefika salama. Chumba ni kimoja, vitanda vitatu. Wenzangu wawili wanafunga makopo, na kitanda changu kiko chini ya dirisha linalotazama bohari. Hapa kila kitu kinanukia mafuta ya nywele: shuka, chai, hata sabuni. Mama, ungecheka ungeona nilivyopanga nguo zangu chafu. Nimezifunga kwa uzi mwekundu, kama mafurushi yenu kule kufulia hospitalini. Mwenzangu akauliza huo uzi ni wa mganga gani. Nikamweleza kwamba mama yangu anafua shuka za wagonjwa, na kwamba furushi lenye uzi mwekundu limetoka wodi ya maradhi ya kuambukiza, halifunguliwi kwa mikono mitupu, linachemshwa kwanza. Tangu siku hiyo hakuna anayesogelea soksi zangu.

Kuhusu kazi, bado sijaingia chumba cha kuchanganyia mafuta. Shangazi, uliniambia Meneja ameahidi nitaanzia huko kwa kuwa nimefaulu kemia. Wiki ya kwanza nilipewa koti jeupe nikajiona mtaalamu, wiki ya pili wakalichukua. Meneja, yule mtoto wa mzee mwenye kiwanda, amesema kwanza nipigwe picha ya kopo jipya. Ofisini kwake wametundika kopo la zamani ndani ya fremu ya kioo, na juu yake ni wewe Shangazi, msichana wa miaka kumi na minane, umetazama pembeni, shingo imenyooka. Nilivimba kichwa. Nikawaambia wote kwamba huyo ni shangazi yangu, na kwamba mtaani kwetu mpaka leo anaitwa Mama Kopo. Meneja akasema maji hufuata mkondo. Akamwita mpiga picha, naye akanipima shingo kwa utepe wa fundi nguo. Shingo, Mama! Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Aliandika tu.

Sasa naelewa kwa nini Shangazi aliniita Twiga tangu utotoni, akinikalisha katikati ya magoti yake, akinipaka mafuta na kuniambia nyoosha shingo, kidevu juu, usitabasamu mpaka uambiwe. Nilidhani ni mchezo wetu. Kumbe umenifaa. Mpiga picha alisema hajawahi kupata msichana asiyehitaji kufundishwa.

Mama, nitaandika kila mara. Nikikosea njia, niambie. Nimekuwa mtu mzima, lakini bado natembea kwa neno lako.

Wenu mliyemzoea,
Twiga


Nyumbani
30 Januari

Mwanangu Twiga,

Barua imefika, imesomwa, na mimi mama yako nimeshukuru. Anayeshika kalamu ni Shangazi yako kama kawaida yetu, mimi nasema yeye anaandika. Goti linaendelea vizuri.

Picha ipigwe. Chumba cha kuchanganyia hakina miguu, hakitakimbia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wewe Mungu amekupa chema. Usimbishie Meneja, maana ni mtu wa nyumba kubwa, na watu wa nyumba kubwa hawapendi kuulizwa mara mbili. Majirani wote wamefurahi. Fundi cherehani wa mlango wa pili anasema kopo likitoka atanunua la kwanza.

Mama yako


Kiwandani
2 Machi

Mama, shikamoo.

Shangazi, barua hii nakuomba umsomee Mama mkiwa wawili tu, majirani wakishaondoka.

Picha yangu imetoka. Iko kwenye makopo, kwenye mabango, kwenye milango ya malori ya kiwanda. Jana niliona kifuniko kimetupwa njiani, baiskeli imepita juu ya jicho langu. Nikakiokota nikacheka, halafu kicheko kikakatika.

Chumba cha kuchanganyia sijakiona hata kwa ndani. Kazi yangu ni kusimama. Siku za mauzo wananipeleka kwenye maduka makubwa, napandishwa juu ya jukwaa dogo linalozungushwa kwa mkono, nywele nimeziachia, bega moja wazi, kopo mkononi. Wateja wanaruhusiwa kugusa nywele wathibitishe ulaini. Basi wanagusa. Mkono unatoka kwenye nywele unateremka shingoni, na ukishafika shingoni unajifanya umepotea njia. Nikijitoa, Meneja ananikumbusha kwamba bidhaa haichagui mnunuzi. Alilisema hilo mbele ya watu, Mama, na watu wakacheka.

Hayo ningeyameza. La wiki iliyopita halimezeki. Baada ya mauzo kulikuwa na karamu ya wenye maduka ya jumla, katika nyumba ya wageni ya kiwanda. Niliambiwa nivae gauni walilolileta wao na nikae karibu na mgeni mmoja, mtu mzima, rika la marehemu Baba. Chakula kilipokwisha wenzake waliaga mmoja mmoja, Meneja akawa wa mwisho, na mlango ukafungwa kwa nje. Nilipiga kelele mpaka mpishi akafungua kwa ufunguo wa jikoni. Nikakimbia bila viatu. Sikuumia ila mkono, lakini najua kilichoniokoa ni mpishi, si mtu yeyote kati ya walionileta hapa. Kesho yake Meneja hakuomba radhi. Alisema nimemharibia mteja, na kwamba safari nyingine mpishi atakuwa likizo.

Mama, nataka kurudi nyumbani. Cheti changu cha shule kiko kabatini kwa Meneja, hataki kunipa. Mkataba alitia saini Shangazi kama mlezi wangu, na nikiondoka wanamnyang'anya uwakala wa kuuza mafuta yao dukani kwake. Najua nyumba yetu inauegemea uwakala huo. Ndiyo maana sitoroki kama mwizi, nakaa nasubiri neno lako. Ukisema rudi, nitaondoka siku hiyo hiyo na cheti kibaki. Ukisema kaa, nitajua umeyapima haya yote ukaona nikae.

Naogopa, Mama. Sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo.

Binti yako


Nyumbani
21 Machi

Mwanangu Twiga,

Barua yako imesomwa tukiwa wawili kama ulivyoomba. Nimesikia yote, nikakaa nayo kwanza nisije nikaropoka. Neno langu ni hili: vumilia.

Hakuna kazi isiyo na adha. Mimi nimefua damu za watu maisha yangu yote, na sikuwahi kumlalamikia mama yangu kwamba shuka zinanuka. Mtoto wa kike akirudi nyumbani mikono mitupu, watu hawaulizi amekimbia nini, wanaulizana amefanya nini. Usinitie aibu mbele ya wifi yangu aliyekuhangaikia. Mvumilivu hula mbivu.

Usijione mpweke. Mdogo wako Chiriku akifunga shule mwezi wa nane atakuja kukaa nawe huko. Meneja ameomba picha yake.

Mama yako

*

(Karatasi ya pili, katika bahasha hiyo hiyo)

Twiga,

Hii ni yangu mimi na wewe, Mama yako haijui.

Mlango huo naujua. Enzi zangu ulipakwa rangi ya kijani. Enzi zangu hapakuwa na mpishi.

Aliyenipeleka ni baba mkubwa wangu, ambaye ndiye alikuwa wakala wa mafuta wakati huo, na ndiye aliyekuwa msomi wa ukoo. Niliandika nyumbani nikilia mpaka wino ukasambaa, nikamwomba mama yangu aniite. Nikajibiwa neno moja: vumilia. Niliitazama karatasi ile nisiamini, kwamba mwanamke aliyenizaa ameyasikia yale yote akajibu neno moja. Lakini mama akishasema, utakata rufaa wapi? Nikavumilia mpaka shingo yangu ilipoota mstari wa kwanza, wakachukua mwingine. Nikarudi na jina la kopo. Wanaume walinitazama kama kitu walichokwisha kukishika madukani, na hakuna anayeoa kitu cha dukani.

Baba mkubwa alipokufa niliupigania uwakala ule kwa meno. Ndio uliowasomesha wewe na mdogo wako baada ya kaka yangu kufariki. Sasa wewe umefunguliwa mlango, na bado unalia. Kutazamwa hakuchubui ngozi, mwanangu. Kaza moyo, nyoosha shingo.

Shangazi yako


Nyumbani
14 Aprili

Dada Twiga, shikamoo ya mbio, maana nina mengi na karatasi ni moja.

Nimekuja likizo, nimekuta jiko limepakwa chokaa na paka amezaa ndani ya sanduku la vitabu vyangu, yaani elimu imepata wapangaji. Mama mzima. Goti linamsumbua lakini anasema goti si mtu, halimpangii.

Dada, barua zako! Juzi Shangazi alitufanyia usomaji rasmi. Akazitoa kwenye lile kopo lake kubwa anakoziweka, akasoma ya Januari na ya Machi, fundi cherehani naye akaja na kiti chake. Alipofika kwa kasuku wa mpishi nilicheka mpaka chai ikatokea puani. Eti kila Meneja akipita, kasuku anaita "Bwana mdogo, umekula?" na Meneja ananuna siku nzima! Nikija nataka nimwone huyo ndege kabla sijaona kitu kingine chochote. Na hicho chumba chako chenye kioo kirefu, na gauni ulilopewa, na yule mgeni mtu mzima aliyesema una adabu kama binti yake. Maisha umeyapata, dada, sisi huku tunahesabiwa maharage.

Mama peke yake hakucheka sana. Aliuliza, "Hakuna kingine alichoandika?" Shangazi akaigeuza karatasi mbele na nyuma kama anayetafuta chawa, akasema hakuna. Mama akamwuliza kama aliandika lile neno lake la mwezi uliopita. Shangazi akajibu ameandika, tena kwa herufi kubwa. Mama akasema, "Mwandikie tena. Mwambie nyumbani hakujahama. Akichoka arudi, hata kama ni kesho, asingoje kuitwa." Nami nikasema moyoni, Mama naye, mtu anakula raha na kasuku wewe unamwita arudi kwenye maharage.

Habari yangu kubwa unaijua. Picha yangu imekwenda kwa Meneja! Kila jioni Shangazi ananikalisha katikati ya magoti yake, ananipaka mafuta, nyoosha shingo, kidevu juu, usitabasamu mpaka uambiwe. Mimi nitatabasamu nikitaka, watanizoea tu. Nikirudi shule niandikie huko, na unitumie unyoya mmoja wa kasuku.

Mdogo wako asiyenyamaza,
Chiriku


Kiwandani
24 Aprili

Chiriku,

Naandika kwa anwani ya shule makusudi. Isome peke yako, mahali ambapo ukilia hakuna wa kukuuliza.

Sijawahi kuandika habari za kasuku. Hapa hakuna kasuku. Kulikuwa na mpishi, naye hakufuga ndege, alikuwa na ufunguo tu, na kwa sababu ya ufunguo huo amefukuzwa kazi. Humu nimekuwekea barua mbili nilizotumiwa kwa jina la Mama, na karatasi ya Shangazi mwenyewe. Zisome, utajua nilichokuwa nimeandika mimi, na utajua kwamba lile neno la Mama halikuwahi kunifikia, si kwa herufi kubwa wala ndogo.

Barua yako niliisomea ngazini, gauni nimeshavaa, gari la kiwanda linanisubiri nje. Nilirudia yale maneno, nyumbani hakujahama, mpaka dereva akapiga honi. Mdogo wangu, tangu Machi nimekuwa nikilala huku nimemchukia Mama. Nilimchukia kwa kila kitu, mpaka kwa harufu ya dawa ya kufulia iliyomo mikononi mwake. Kumbe muda wote huo yeye alikuwa amekaa kibarazani anauliza kama hakuna kingine.

Ule mlango ulifungwa tena baada ya ile barua ya vumilia, kabla yako haijafika. Sikupiga kelele. Nilidhani Mama ameshasikia na amesema nivumilie, sasa nimpigie kelele nani? Usiniulize zaidi, hata siku tukikutana.

Sikia. Usipande gari lolote la kiwanda, wala usiandike neno nyumbani, maana litapita kwenye miwani ile ile. Mimi nitamwandikia Mama barua fupi tamu, ya kumfurahisha Shangazi, isemayo sina shida yoyote. Pembeni ya karatasi nitashona uzi mwekundu. Habari ya uzi huo Shangazi aliisoma Januari kama mzaha wa soksi tu, na kwa kuwa hajawahi kukanyaga kule kufulia, atadhani ni pambo. Mama akiugusa atajua la kufanya.

Dada yako


Shuleni kwa Chiriku
29 Mei

Dada,

Leo ni siku ya wazazi. Mama amekuja, amevaa viatu vya kanisani na amebeba furushi la shuka. Ndani ya furushi kulikuwa na kopo la Shangazi lenye barua zako zote. Tumekaa kwenye benchi nyuma ya jiko la shule. Nimemsomea kila kitu, ulizoandika wewe, ulizoandikiwa, na karatasi ya Shangazi, sikuruka hata nukta. Sasa anasema yeye na mimi naandika anavyosema.

Mwanangu,

Uzi niliuona. Wifi yangu alikuwa anasoma mambo ya raha, akaniambia tazama mwanao anavyojua kupamba karatasi. Nikasema lete nishike. Vidole vyangu vikajua kabla ya kichwa. Nilicheka naye, nikamsifia pambo, nikaenda jikoni nikashika ukuta.

Katika hizo barua eti nakuita Twiga. Mimi lini nimekuita mnyama? Hilo jina ni lake, yeye ndiye aliyekuwa anakupima shingo. Nami nilimwona akikupima, nikadhani anakupenda.

Mwanangu, sikusema vumilia. Sikusema, sikusema. Sikuwahi kukwambia habari za aibu. Ningesomewa kwamba mkono wako umeumia, ningekuja na goti hili hili.

(Dada, hapa Mama amenigeuzia mgongo. Analia lakini hataki nimtazame.)

Nina jambo kuhusu bibi yenu, mama yake Shangazi. Nilimuuguza mimi, miezi ile ya mwisho alikuwa anazungumza nami kuliko na mtu yeyote. Alikuwa kama mimi, kalamu hakuijua. Barua za binti yake kutoka kiwandani alikuwa anasomewa na shemeji yake, huyo baba mkubwa, huyo wakala. Alisomewa kwamba binti anacheka, ananenepa, hataki hata kusikia habari za nyumbani. Na bado kila jioni aliuacha mlango bila komeo, binti asije akarudi akaukuta umefungwa. Alikufa na uchungu kwamba mtoto wake alimsahau, hakumwomba hata amwite. Leo ndiyo nasikia kwamba aliomba. Sasa na wewe mwenye akili niambie, lile neno moja alijibu nani?

Namhurumia wifi yangu kwa hilo. Lakini huruma yangu inaishia pale anapomkalisha Chiriku katikati ya magoti. Nimekula naye sahani moja tangu baba yenu alipofariki. Nilimpa macho yangu anisomee, akayatumia kunipofusha. Sitamsemesha sasa. Kopo lake nitalirudisha mahali pake kabla hajafungua duka kesho asubuhi.

Rudi. Ndilo neno langu, na sasa umelisikia. Cheti kibaki, uwakala ufe, tutakula ninachofua. Njoo na barua mkononi, ya mwisho, mwandikie yeye. Usiitie posta. Ingia kwa mlango wa nyuma unipe, nami nitamwambia wifi yangu kwamba mwenye baiskeli ya posta ameileta, asome kibarazani mbele ya wale wale aliowachekesha na kasuku. Nataka nimsikie mwenyewe, maana masikio ndiyo niliyobakiwa nayo.

Mama yako, huyu wa kweli

(Nami pia. Siombi unyoya tena. C.)


Nyumbani
8 Juni

Shangazi, shikamoo.

Soma kwa sauti, kama unavyosoma siku zote. Mama amekaa kulia kwako na mguu wake juu ya kigoda, fundi cherehani ameleta kiti chake. Wote hao wanapenda barua zangu. Nimeambiwa ninachekesha.

Niseme kwanza ninachokushukuru. Ada ya shule ulilipa wewe, na nilipougua surua ulikesha nami wewe. Nilikupenda kuliko nilivyojua kusema. Nilipoliona kopo lako kwenye fremu ya kioo kule ofisini, nilijivunia kuwa damu yako. Ungekuwa mtu baki, nisingekuwa naumia hivi.

Makubwa mengine yote ningeweza kuyaweka chini. Meneja ni Meneja, na mteja wake alilelewa na watu akafundishwa kwamba msichana ni kitu cha kushika apime ulaini. Mlango waliufunga wao. Hata kunipeleka kule ningejilazimisha kukuelewa, kwa kuwa na wewe ulipelekwa. Lakini ulichukua sauti ya mama yangu, sauti niliyozaliwa nikiijua, ukaniambia kwa sauti hiyo kwamba nikae. Nilipopiga kelele mara ya kwanza ilikuwa ni kwa sababu niliamini kuna mtu nyumbani atakayenisikia. Mara ya pili nilinyamaza, na aliyeninyamazisha si wao, ni wewe. Hilo sikusamehe, na sitaki uniombe.

Ulimbunia nani kasuku yule? Ulitafuta kitu cha kumchekesha Mama ili asiulize. Mama hakucheka, Shangazi. Aliuliza, ukageuza karatasi.

Chiriku haendi. Picha yake mwambie Meneja aichome, au aitundike kwenye fremu kama alivyozoea, lakini yeye mwenyewe hatamwona. Na usimguse nywele tena.

Sasa jambo la mwisho, nalo ni lako, si langu. Ulinieleza kwamba ulilia mpaka wino ukasambaa, na kwamba mama yako alikujibu neno moja. Bibi hakujua kuandika. Unalijua hilo, ulikua naye nyumba moja. Aliyesoma barua yako ni baba mkubwa wako, wakala, na aliyejibu ni yeye. Bibi alisomewa kwamba unacheka na unanenepa. Aliuacha mlango bila komeo kila jioni akikungoja, akafa akidhani ulimsahau, na wewe umezeeka ukidhani alikutupa. Mama ndiye aliyemuuguza, mwulize. Amekaa kulia kwako.

Wewe unayejua jinsi ilivyo rahisi kusoma kisichoandikwa, miaka yote hii hukuwahi kujiuliza nani alikusomea wewe?

Usitafute stempu kwenye bahasha. Nimekuja nayo mwenyewe. Niko nyuma ya ukuta huu wa kibaraza, na tangu uliposema shikamoo nasikiliza unachosoma.

Binti wa kaka yako